Uso wa Zélie Kutoka Ng'ambo

Nyumba ya mlinzi wa lango la maji la mfereji, karibu na Tonnerre
Tarehe 9 Septemba 1888

Kaka Évariste,

Sisi wazima. Baba bado anakohoa na bado anakataa kwamba anakohoa. Maji ya mfereji yamepungua, matishari yanapita yakikwaruza tope, na kila nahodha akifika langoni kwetu anamlaumu baba utadhani yeye ndiye anayeleta mvua.

Nakuandikia kwa jambo, nami nitalisema haraka kabla sijaona haya. Yupo mtu anaitwa Hilaire Bourdelin, mwenye tishari la kubeba mawe. Ulimwona Agosti ulipokuja: yule mrefu aliyekuuliza kwa nini unachora juu ya vifuniko vya masanduku ya sigara, ukamwambia ni kwa sababu sigara zimeisha. Amenitaka. Amemwambia baba, baba amekohoa, maana yake amekubali. Mimi bado sijajibu.

Hilaire uso wangu anaujua. Miaka yote hii anapita hapa, anaona ndui ilivyonifanya, na hajawahi kugeuza macho. Taabu ni mama yake. Miguu imemshinda, ameshuka kwenye tishari, anakaa kwa mpwa wake huko Saint-Jean-de-Losne, na amesema hatoi baraka kwa msichana asiyemjua sura. Anataka picha. Mpiga picha wa Tonnerre ana mashine inayotoa mpaka unyoya wa kuku. Alimpiga Bi Thierrée, mji mzima ukamhesabia masharubu.

Sasa baba anasema, "Tuna mchoraji kwenye ukoo, mara hii atufae." Unavyo vile vibao ulivyonichora nikifungua lango. Nichore kutoka hapo, kaka, lakini unielewe ninachokuomba. Usiyatie makovu. Nisawazishie mashavu, basi. Mama wa watu atakuwa na miaka mingi ya kuyazoea baadaye.

Nikikubali, nitatoka hapa na kusimama kwenye usukani wa tishari, gati baada ya gati, watu wasionijua wakinitazama. Hilo peke yake linaninyima usingizi. Hilaire anataka jibu kabla barafu haijafunga mfereji.

Mdogo wako,
Zélie


Paris, Batignolles
Tarehe 16 Septemba 1888

Zélie wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama ngazini, nikacheka peke yangu mpaka mama mwenye nyumba akafungua mlango kuona kama nimelewa. Hilaire wa masikio makubwa! Mtu mzuri. Alinisaidia kushika mwavuli siku ile ya upepo na hakusema neno baya juu ya picha zangu, ingawa nilimwona akilitafuta.

Nitakuchora, tena picha kubwa, si ile ya kuning'iniza juu ya kopo la chumvi. Utashika ule mkono wa chuma wa kuzungushia lango, kofia yako nyeupe kichwani, nyasi za ukingoni nyuma yako. Ngoja nikwambie ninavyofanya kazi siku hizi. Rangi sizichanganyi tena kwenye kibao. Ukikoroga zambarau na manjano unapata tope, na tope wachoraji wote wanalo la kutosha. Mimi naweka kitone cha rangi safi, pembeni yake kitone cha rangi nyingine, na kingine, hivyo hivyo asubuhi hadi jioni, na jicho la mtazamaji ndilo linalozikutanisha. Tuko wachache tunaofanya hivi. Gazeti moja limeandika kwamba turubai zetu zimeumwa na viroboto. Baba usimsomee hapo.

Kuhusu mashavu usiwe na wasiwasi, niachie mimi.

Mle vizuri. Jibini uliyonipa nimeificha dirishani, jirani yangu ana pua ya mbwa.

Évariste


Langoni
Tarehe 21 Novemba 1888

Évariste,

Sanduku limefika. Nimeling'oa misumari mwenyewe, Zélie amesimama pembeni amefunga mikono kwenye aproni.

Mwanzo tulidhani picha imeota ukungu njiani. Nilikwenda kuchukua kitambaa na maji ya sabuni, na bahati yako dada yako alinishika mkono. Akaisogelea, akatazama, akasema, "Si ukungu, baba. Ni yeye mwenyewe ameviweka."

Mwanangu, una akili timamu? Uliombwa umwondolee makovu machache. Wewe umemjaza madoa toka kofia hadi kiunoni. Mekundu, ya bluu, ya kijani. Hata nyasi nyuma yake zina ndui. Hata mbingu ina ndui! Marehemu mama yako alimuuguza yule mtoto siku zile, akamfunga vidole kwa vitambaa asijikune, na wewe ulikuwa umelala chumba cha pili unasikia. Leo umekaa Paris unamtania?

Hakulia. Alikwenda kuosha masufuria ambayo yalikuwa safi. Picha nimeigeuza inatazama ukuta.

Baba yako,
Célestin Garnot


Paris
Tarehe 24 Novemba 1888

Zélie,

Barua ya baba imenikata maini. Nisikilize, nakuomba, kabla hujanihukumu. Sikukutania. Hayo unayoyaona si madoa, ni ile kazi niliyokueleza, na kosa langu ni kwamba sikukwambia lililo kubwa kuliko yote: picha hizi hazitazamwi kwa karibu. Huku kwetu hakuna anayezitazama kwa karibu isipokuwa wanaotaka kucheka. Igeuze, kisha urudi nyuma. Rudi mpaka vitone viache kuwa vitone. Kuna mahali utafika, rangi zitashikana zenyewe, na utamwona mtu.

Nimekuchora miezi miwili. Siku nyingine kutwa nzima imeishia kwenye kipande cha shavu cha ukubwa wa kiganja. Mtu hamtanii dada yake kwa taabu ya namna hiyo.

Rudi nyuma tu, Zélie. Kisha uniandikie.

Évariste


Langoni
Tarehe 6 Desemba 1888

Kaka,

Umesema nirudi nyuma. Nimerudi nyuma. Nikagonga meko, nikaunguza sketi. Umesahau jikoni kwetu kulivyo? Ukitoka mezani hatua mbili uko motoni, hatua mbili upande wa pili uko kwenye kabati la vyombo. Chumba cha juu baba akisimama wima anagonga paa. Uliichora picha kwa ajili ya watu wenye ukumbi, ukaipeleka kwa watu wenye jiko.

Nilikwenda mpaka pembeni kabisa kwenye ndoo. Viliendelea kuwa vitone. Nilichokiona ni mwanamke ambaye kila pahali pake pamechomwachomwa, na nikajiambia: kumbe ndivyo nilivyo hata kwa kaka yangu. Sikasiriki tena. Nimechoka tu.

Hilaire alifika juzi. Picha haikuwa ya kumpa. Kwa hiyo nilifanya kama bibi zetu walivyofanya: nilichukua kijinga cha moto nikakisimamisha wima mekoni. Alipoingia alivua kofia, akakiona. Hakuna mtu wa mfereji huu asiyejua maana yake: mchumba amekataliwa. Alisimama pale pale, theluji inamyeyukia mabegani. Akasema, "Sawa, Zélie," akamwamkia baba, akatoka. Alikuwa ameleta pipa dogo la siki kutoka kwa mama yake. Amelisahau mlangoni.

Lilikuwa tishari la mwisho kabla ya barafu. Usiniandikie kwa sasa.

Zélie


Paris
Tarehe 15 Desemba 1888

Zélie,

Umenikataza nami naandika. Itie barua hii motoni ukipenda, lakini isome kwanza.

Lipo jambo nililikwepa. Uliniomba nikusawazishie mashavu, nikakujibu niachie mimi, kwa sababu sikuwa na moyo wa kukukatalia. Sasa nakwambia wazi: hata ukipata pa kurudi nyuma, hata ukiiona picha inavyotakiwa kuonwa, makovu yapo. Sikuyafuta.

Nilijaribu. Wiki nzima nilikuchorea ngozi ya mtoto mchanga. Nikapata binti mzuri kama wale wa kwenye makopo ya biskuti, ameshika chuma chako, amevaa kofia yako, na simjui. Nilikaa mbele yake nikaona nimempoteza dada yangu. Nikamkwangua kwa kisu. Kisha nikatoa vile vibao vya Agosti nikaanza kutazama jua lilivyokuwa likiingia kwenye kila kovu, ukingo wake mmoja umewaka chungwa, mwingine una bluu. Kwa jicho la mchoraji hakuna uso nilioufurahia kuliko huo. Kwa jicho la kaka, sikuweza kumpeleka mtu mwingine kwa mama mkwe wako.

Nisamehe kama unaweza. Lakini Hilaire usimkatae kwa sababu yangu.

Kaka yako


Langoni
Tarehe 3 Februari 1889

Kaka,

Barua yako ya Desemba nilipofika pale unaposema makovu yapo, niliitupa motoni. Sijui mwishoni uliandika nini. Usiniambie.

Sasa nikusimulie. Mfereji umeganda tangu kabla ya Krismasi, hakuna tishari, hakuna kazi. Baba akaanza tabia. Kila alasiri, tukishakula, ananituma. Mara nikachukue mayai kwa Bi Thierrée, mara nikaulize kama posta imefika, ilhali posta hupita mlangoni. Yeye anasema anakwenda kukagua barafu. Nikirudi nakuta mlango wa jikoni uko wazi, moto umezimika nusu, supu ya kabichi imepoa. "Baba, ulizaliwa zizini?" namuuliza. Anakohoa.

Jumanne nilisahau kikapu nikarudi njiani. Mlango wazi. Naingia, nakuta picha imetolewa ukutani, imewekwa juu ya kiti inatazama nje, imeegemezwa kwenye kabati. Baba hayupo. Nikatoka nikamtafuta kwa macho, nikamwona ng'ambo ya mfereji, amekaa juu ya boriti ya lango, amejifunika blanketi la farasi, mikono iko magotini, anatazama nyumbani kwetu.

Nilivuka mfereji juu ya milango ya lango, nimejaa maneno. Aliponiona hakushtuka. Alisogea kidogo.

"Kaa," akasema. "Usigeuke kwanza."

"Baba, supu inaganda."

"Supu iende zake. Umekaa? Haya, geuka."

Évariste, nilidhani kuna mtu jikoni. Nilitaka kusimama nimuulize anamtafuta nani. Kisha nikaona kofia, nikaona chuma mkononi, nikajua. Kulikuwa na theluji kila mahali na yule mwanamke alikuwa amesimama kwenye jua la Agosti, ametulia, anakaribia kucheka kwa jambo alilosema mtu. Wewe ndiye uliyelisema, nadhani. Vile vitone sikuviona hata kimoja. Makovu niliyaona. Hukudanganya, yapo, na yana mwanga wake, lakini mtu hasimami kwenye makovu. Unayaona, unaendelea, unafika machoni.

Mimi uso wangu nimekuwa nikiuona kwenye kioo cha kunyolea cha baba, pua karibu iguse. Kaka, sijawahi hata siku moja kujiona kutoka pale watu wanaponionea.

Baba akasema, bila kunitazama, "Siku ya kwanza nilitoka kufunga lango la huku, nikageuka, upepo ulikuwa umefungua mlango na kuibwaga ile picha kifudifudi. Nikarudi, nikaiinua nikaiegemeza kitini, nikatoka tena. Nilipogeuka nikakuona. Nikaona haya kukuita, baada ya yale niliyomwandikia kaka yako."

"Ndivyo nilivyo?" nikamuuliza.

"Ndivyo ulivyo. Mimi niko huku, wewe uko kule unazungusha chuma, kila siku, ndivyo ninavyokuona. Nilidhani unajua."

Nililia, nikakasirika kwa sababu machozi yalikuwa yanaganda. Baba akanipa nusu ya blanketi. Linanuka farasi.

Sasa kuna Hilaire. Barafu ikiyeyuka atapita, hana njia nyingine ya kufika mto Saône. Kijinga kikishasimamishwa hakuna desturi ya kukilaza. Nimewauliza wanawake wa sokoni, wamecheka mpaka wameshika mbavu. Basi itabidi nifungue kinywa changu mwenyewe. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Anaweza kupita bila kunitazama, na atakuwa na haki.

Na picha haiendi kwa mama yake. Kama bado ananitaka, nitakwenda mimi. Aniangalie kwa karibu anavyotaka.

Nimekusamehe. Ningetaka ungekuwa hapa nikupige kofi kidogo kwanza.

Zélie wako


Langoni
Tarehe 28 Aprili 1889

Évariste,

Dada yako hana nafasi ya kuandika, anajifunza usukani, kwa hiyo nakuandikia mimi.

Tishari la Bourdelin lilifika matishari mengine mawili yakiwa yamelitangulia kwenye foleni, watu wote wako nje wanavuta tumbaku. Zélie alitoka kuzungusha lango bila mtandio, kichwa wazi. Hilaire akawa anatazama viatu vyake. Dada yako akamwita kwa sauti waliyoisikia mpaka wa nyuma: "Hilaire! Nilikosea mimi. Kama bado unanitaka, nipo hapa!" Yule mtu akaachia kamba. Tishari zima la mawe likaja likapiga ukuta wangu wa lango, likavunja jiwe la pembeni, na sasa natakiwa nimwandikie mhandisi kueleza jiwe limevunjwa na nini. Nimeandika upepo.

Walikwenda Saint-Jean-de-Losne pamoja, na mimi nikiwa nao, maana binti haendi peke yake. Njia nzima hakula. Tulipoingia, Mama Bourdelin alikuwa kitini, mama mnene mwenye sauti ya nahodha. Zélie akasimama mbele yake amenyoosha shingo kama mtu anayesubiri kupimwa. Unajua yule bibi alifanya nini? Alimtazama mara moja, akasema "Njoo," akamshika mikono, akaikunjua viganja, akamminya mabega kama wanavyominya ndama sokoni. "Nilisema nataka picha nione mabega," akasema. "Mwanangu anapenda wasichana wembamba, na kamba ya tishari haivutwi kwa mapenzi. Picha iko wapi? Nimengoja tangu vuli!" Kisha akamuuliza kama siki ilifika. Zélie akacheka mpaka akakaa sakafuni. Walioana mara tu baada ya Pasaka. Kofi lako limehifadhiwa, amesema nikukumbushe.

Sasa lako. Barua yako imefika, umesema mna maonyesho mwezi ujao na unaiomba picha, kwamba ndiyo kazi yako bora na utairudisha. Ni kazi yako bora, hilo nakubali. Ulifanya vizuri na mimi nilikuandikia upumbavu. Sitalisema tena, kwa hiyo litunze.

Lakini picha haiendi. Waambie hao watu wa Paris kama wanataka kuiona wapande gari la moshi mpaka Tonnerre, waje kwa miguu, wasimame ng'ambo, na wasinizibie njia ya farasi wanaovuta matishari.

Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Wameniletea msaidizi wa lango, mvivu, anakula kama wawili. Alasiri kazi ikipungua naiweka picha kitini, nafungua mlango, navuka, nakaa. Jana nilikuwa huko, likapita tishari la watu wa kaskazini nisiowajua. Nahodha wao akaangalia jikoni kwetu, akavua kofia akamwamkia: "Siku njema, binti!" Akangoja kidogo, kofia mkononi.

Sikumwambia kwamba ni picha. Niliitikia mimi kwa niaba yake.

Baba yako